Jinsi Saa ya Mkunga Ilivyopata Jina

Sogezeni viti, wanangu, mkae pale ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo siku hizi ina masharti yake. Wewe mkubwa, kaa kando ya kabati. Dada yako akae hapa kitandani, miguuni pangu. Kitinda mimba asimame akitaka, najua hakai. Daktari amenikataza maneno mengi, nami nimemjibu kwamba nimeishi miaka mingi na pini za cherehani mdomoni, kwa hiyo maneno ninayo ya akiba. Tangu asubuhi nimeamka na nguvu kidogo, na mtu akipewa nguvu asizozitarajia azitumie kabla mwenye nazo hajazidai.

Mnajua nililowaitia. Wiki nzima nawasikia sebuleni, mnadhani kuta hazina masikio. Ile kampuni kubwa imewaleta watu wake wenye viatu vinavyong'aa, wanataka kununua karakana na jina la saa yetu. Mkubwa anasema tuuze tungali tunabembelezwa. Dada yake anasema hilo litafanyika akiwa kaburini. Mdogo wenu hataki tuuze, ila anataka tutengeneze nyingine, nyembamba, yenye uso wa bluu. Na wote watatu mnalitaja jina, jina, jina, kana kwamba ni kuku mliyemfuga wenyewe. Jina hilo hamkulifuga. Hata mimi na marehemu baba yenu hatukulifuga. Kwa hiyo nisikilizeni kwanza niwaeleze saa inavyopata jina, kisha nitasema nani achukue nini, na nikishasema sirudii.

Saa nzuri ni nyingi. Baba yenu alikuwa fundi saa tangu kabla hajanioa, na mezani pake zilipita saa za dhahabu, saa zenye vito, saa nyembamba kama ukucha, wenye nazo wakisimama juu yake kama watu wanaomsubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Alizifungua moja moja, akavaa lenzi yake jichoni, akaniambia nyingi zina matumbo yale yale. Wala hakuna hata moja ambayo mtoto wa mtaani angeweza kuitaja kwa jina lake. Basi lifuteni hilo kwanza: bei haimpi mtu jina, sembuse saa.

Yetu ilianzia kwenye uzazi wako, mkubwa. Mkunga aliyenizalisha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumkalisha mbuzi chini. Kila alipotaka kuhesabu mapigo ya moyo wangu alinishika kifundo cha mkono, kisha akaanza kuuzungusha mkono wake mwenyewe huku na huku akitafuta mwanga. Alivaa kisaa cha rangi ya dhahabu alichopewa na dada yake, kidogo kama punje ya haragwe, hakina tarakimu, kina vistari tu. Mimi ninaungua kwa uchungu, yeye anagombana na kisaa. Ulipokwisha kuzaliwa akatoka, akamkuta baba yenu mlangoni, na badala ya kumpa hongera akamwambia, "Si wewe ndiye fundi saa? Basi nitengenezee saa ninayoiona bila kuitafuta."

Agizo lenyewe ndilo hilo, hakuongeza neno. Baba yenu alirudi nyumbani siku ile amepata mtoto na amepata kazi, na Mungu ananisikia, sijui ni kipi kilichomkosesha usingizi zaidi.

Akachora uso mweupe, mpana, wenye tarakimu zote kumi na mbili, nyeusi na nene. Mshale wa sekunde akaupaka rangi nyekundu na kuurefusha mpaka ukagusa ukingo, ili mtu asijiulize umefika wapi. Mashine ya ndani alinunua kwa wauzaji kama kawaida, lakini kasha la chuma lilikerezwa na baba yenu mdogo, ambaye siku hizo alifanya kazi na kaka yake bega kwa bega. Alilikereza likawa halina pembe hata moja, kwa sababu mkunga alisema ngozi ya kitoto kichanga huchanika kwa kitu kidogo. Mkanda ulikuwa kazi yangu. Nikashona wa kwanza wa ngozi. Akaurudisha, akasema maji na damu vinaifanya ngozi inuke. Nikashona wa turubai laini, unaofulika kwa sabuni. Akaurudisha tena, ni mfupi. Kumbe hakutaka kuivaa saa kifundoni, alitaka kuifunga juu, karibu na kiwiko, maana mikono aliiosha mpaka huku na hakutaka kitu kimzuie. Nikashona mkanda mrefu, saa ikawa kama ina mkia. Baba yenu mdogo alicheka mpaka akakaa chini, akasema tumetengeneza saa ya mguu wa tembo. Tukampelekea mkunga, naye hakuirudisha, na kwa mtu kama yule kutorudisha ndiyo asante.

Tukaona tutengeneze nyingine tuuze. Tukaiita Fahari, tukalichapa jina hilo usoni kwa herufi nzuri. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini hawakuwahi kuweka kitu chema kwenye kabati la kioo la duka la mtu wakakitazama kikipata vumbi mwaka hadi mwaka. Mwenye duka mmoja alituambia hii ni saa ya ukutani iliyougua ikakonda. Walinunua wauguzi wachache, akanunua mwoka mikate mmoja, na dereva wa treni ya mizigo aliyesema ndiyo pekee anayoweza kuisoma injini inapomtikisa. Wengine walipita. Mikanda niliyoshona ingetosha kuizungushia nyumba hii. Kazi ya kutembeza ilikuwa ya baba yenu mdogo, alitoka asubuhi na mfuko mzito akarudi jioni na mfuko ule ule, na uzito ule ule. Msicheke. Kubeba mfuko ambao kila mlango unaukataa, tena kwa ajili ya wazo la kaka yako, si jambo dogo. Alimsihi baba yenu aifanye ndogo, aipake dhahabu. Baba yenu akamjibu kwamba za namna hiyo wapo wanaozitengeneza vizuri kuliko sisi. Wakaendelea hivyo, mmoja hasemi tuache, mwingine hasemi tubadilishe.

Kisha mto ukapanda. Mkubwa anakumbuka, meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Maji yaliingia hospitali, wodi ya wazazi ilikuwa chini, wakawapandisha akina mama ngazi kwa ngazi mpaka chumba cha kufulia kilicho chini ya paa. Kulipokucha zikaja mashua za waokoaji, na ndani ya mashua mojawapo alikuwamo mpiga picha wa gazeti. Dirisha la kile chumba lilikuwa jembamba, mtu mzima hapiti. Mkunga akautoa mkono wake nje, juu ya maji, ameshika kitoto kilichozaliwa usiku ule, kimefungwa ndani ya foronya ya mto wa kulalia, na mwokoaji mmoja anainuka kwenye mashua kukipokea. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Mmeiona tangu utotoni, lakini leo itazameni kwa macho ya kazi. Uso wa mkunga haumo. Upo ukuta, lipo dirisha, upo mkono mpaka begani, kipo kitoto, na karibu na kiwiko ipo saa. Kama uso ungeonekana, watu wangeuliza huyu ni nani, mke wa nani, wa ukoo gani, na mambo yangeishia hapo. Kwa kuwa haukuonekana, kila mtu aliona mkono wa shangazi yake. Tena gazeti la siku zile halikuwa na rangi na karatasi yake ilikuwa mbovu, ukuta wa kijivu, maji ya kijivu, kila kitu kijivu, isipokuwa ule mduara mweupe wenye tarakimu ambazo hata kinyozi aliyebandika picha ukutani aliweza kuzisoma akiwa kwenye kiti chake. Kisaa cha dhahabu kingeonekana doa. Sasa mtu akiwaambia ni bahati tu, mkubalieni nusu. Bahati hubisha hodi nyumba nyingi. Siku ile ilipobisha kwetu ilikuta kuna mtu ndani.

Watu wakaanza kumiminika madukani, wala hawakuulizia Fahari. Walisema, "Nipe ile saa ya mkunga." Yule mwenye duka aliyetuambia saa imekonda alikuja mwenyewe mpaka kizingiti chetu, akakaa kusubiri kama mgonjwa wa foleni. Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati na kuifunga karibu na kiwiko, hao ambao kitoto kichanga hawajawahi kukishika hata kwa bahati mbaya. Mzazi akimpeleka binti chuo cha uuguzi anamnunulia, baadaye akawa anamnunulia hata kijana anayekwenda kujifunza useremala. Jina tulilolichapa hakuna aliyelitamka, na lile lililotamkwa hakuna aliyelichapa. Mpaka leo usoni imeandikwa Fahari, na muulizeni mtu yeyote barabarani kama amewahi kuisikia.

Basi hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Baba yenu mdogo alikuja na maboksi ya mfano, ile picha imechapwa juu yake, akasema sasa tutoe ya dhahabu, tuweke picha madukani, na mkunga mwenyewe asimame mlangoni kuwapa watu mkono. Msimwite mroho. Yeye ndiye aliyebeba mfuko. Na baba yenu naye sitamvika utakatifu leo kwa kuwa amekufa: hakukataa, alisitasita, akasema tumuulize mwenye mkono.

Mkunga alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa gauni la maua, nikaona ajabu kumwona bila sare. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Shemeji yangu akamweleza vizuri, kwa heshima, akampa boksi. Alilitazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani limempendeza. Kisha akasema polepole, bila ile sauti yake ya kukalisha mbuzi:

"Hii picha kwenu ni bahati. Kwangu ni saa ile niliyokitoa kitoto dirishani, na mama yake yuko nyuma yangu sakafuni, nami nina mikono miwili tu."

Yule mama hakushuka zile ngazi akiwa hai. Gazeti halikuandika hilo, wala sisi hatukujua. Mkunga akaongeza, "Saa uzeni, saa haijanikosea. Lakini huyo mama msimweke juu ya boksi." Halafu akaniambia mkanda wake umechakaa, nikamshonea mwingine pale pale akiwa amekaa, akaondoka. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Baba yenu aliyachukua maboksi akayatia jikoni yakaungua. Mdogo wake akasema picha si ya mkunga, ni ya gazeti, na gazeti liko tayari kuiuza, na kwa sheria alisema kweli. Maneno yakapanda. Alisema, "Mfuko ulipokuwa mzito ulikuwa wangu, leo umekuwa mwepesi umekuwa wako." Aliyoyajibu baba yenu alikwenda nayo kaburini na mimi nayaacha huko huko. Shemeji akachukua mashine yake ya kukereza, akaondoka. Wahenga husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima sana.

Akafungua karakana yake upande wa pili wa mji, akatoa Mkunga wa Dhahabu, picha ikiwa juu ya boksi. Ninyi mmekua mkisikia kwamba ile saa ililaaniwa ikafa. Aliyewaambia hivyo ni nani? Iliuzika vizuri. Alijenga nyumba, akasomesha watoto wake, nami nafurahi. Ila kuna jambo moja niliona kwa macho yangu nikiwa pale kwenye meza ya matengenezo. Watu walileta saa za mkunga za chuma zilizokanyagwa na ng'ombe, zilizopikwa ndani ya sufuria kwa kusahauliwa, moja ilitolewa kwenye shimo la choo na mwenyewe hakuona haya kutuambia. Mwanamke mmoja alileta ya mama yake marehemu, akasema kioo kibadilishwe lakini mkanda usiguswe, una harufu yake. Ile ya dhahabu hakuna aliyewahi kuileta. Ikisimama, mtu ananunua kitu kingine. Mtu hutengeneza anachokipenda, wanangu. Saa yaweza kupata jina kwa siku moja ya picha, lakini jina hilo huishi mezani kwa fundi, kidogo kidogo, kila mtu anapoambiwa lete, itapona. Siku mtakapomwambia mtu hiyo ni ya zamani, nunua mpya, siku hiyo mmeizika, hata kama viwanda vitaendelea kuitoa kama mvua.

Nipe maji. Hapana, kidogo tu.

Na kile kitoto cha pichani, mliwahi kuuliza? Alikua, akawa fundi umeme, mwanamke wa kupanda nguzo. Alikuja karakana kututengenezea feni, akatuambia habari zake kana kwamba anataja mtaa anaoishi. Baba yenu akaenda kabatini, akamtolea saa mpya kabisa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha. Akasema, "Ahsante baba, mimi saa sivai. Inaniwasha, na kazini kwangu chuma mkononi ni kujitafutia kifo." Tulicheka, na baba yenu siku ile alikula chakula chake chote. Si kila aliyemo katika hadithi anapaswa kuibeba hadithi mgongoni.

Sasa mgawanyo. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, kwa kuwa ndiye anayepanda paani linapovuja, na ninyi wawili vyumba vyenu vibaki vyenu mpaka mfe. Mkubwa, chukua kile kiwanja cha sokoni na vyumba vyake vya maduka, una kichwa cha kuviendesha. Karakana, meza, mashine, mikebe ya mishale na vioo, vyote ni vya dada yenu, ambaye mikono yake inanuka mafuta ya saa tangu akiwa msichana.

Kuhusu kampuni, mkubwa, wewe si mjinga wala si msaliti, na dada yako aache kukuita hivyo. Vioo vinatushinda kupata. Wateja wanangoja mpaka wanakata tamaa. Sikatazi kuuza. Uzeni Fahari, hiyo ni yetu, tuliichapa wenyewe. Wapeni michoro watengeneze. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi wakubali mambo haya: uso ubaki kama ulivyo na mkanda ubaki mrefu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao wameshaanza kutuuliza kama tarakimu zaweza kupungua. Ile picha isiwekwe popote. Na meza ya matengenezo ibaki kwa dada yenu, nao wamletee vipuri vya saa zote, hata ya kwanza kabisa. Wakikataa moja, warudi na viatu vyao.

Kitinda mimba, saa yako ya bluu itengeneze. Unashangaa nini? Itengeneze, ila uipe jina lake, ikajitafutie yenyewe kama mtoto anayeondoka nyumbani. Usiivike ya mama yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ile saa ya mkunga mwenyewe, aliyoiacha mpwa wake hapa baada ya kumzika, wapeni watu wa makumbusho walioiomba. Najua, binti yangu, umesema kioo cha makumbusho ni kaburi. Sawa. Lakini ile imeshafanya kazi yake, na imeona ya kuona. Iacheni ilale, watu waitazame. Zisizotakiwa kulala ni zile zilizo mikononi mwa watu.

Nani anakohoa sebuleni? Ni baba yenu mdogo. Nilimtuma jirani amwite. Mkubwa, kaa, usiende kusimama mlangoni kama askari, yule ni mzee mwenye fimbo. Binti yangu, nenda kamlete, mshike mkono, hapo pana ngazi.

Karibu shemeji. Kaa hapo, mkubwa amekupisha. Usiseme kitu kwanza, pumzi yangu ni ya kuhesabu. Watoto hawa nimewasimulia yote, bado neno moja, ambalo nilitaka wewe ulisikie nao. Maboksi yako ya kwanza yalikuwa na picha. Yaliyofuata hayakuwa nayo. Niliyaona madukani, picha umeitoa, hukumwambia mtu. Kaka yako naye aliona. Alinunua boksi moja, akaliweka juu ya kabati lake, tupu, akawa analitazama wakati wa kunywa chai. Alisema ataenda kwako kifua kikitulia. Hakikutulia. Ndivyo ilivyokuwa, shemeji. Futa uso, chukua kanga yangu hapo.

Sikuitii msamaha, sote tumechelewa kuhesabiana. Nakuitia kazi. Binti huyu anakereza kasha vizuri, lakini ukingo wake unamshinda, haulainiki kama ule wa kwanza. Mchoro hauonyeshi. Ulikuwa mkononi mwako. Mfundishe kabla nawe hujaondoka. Anaitikia kwa kichwa. Nyote mmeona, amekubali.

Nimechoka sasa. Nizikeni kando ya baba yenu, hotuba ziwe fupi, na udongo wa kwanza autie huyu mzee. Karakana ifungwe siku ya mazishi tu. Kesho yake ifunguliwe. Mtu akija na saa yake asiambiwe kuna msiba... aipokeeni. Mwambieni itapona.

Mungu awape macho mazima. Awape mikono isiyotetemeka. Awape... riziki ya kuwatosha na ndugu wa kula naye. Mliponikosea sikumbuki. Nawaachia radhi zangu zote, sibakizi.

Mkubwa. Njoo huku. Mshike dada yako mkono. Siyo hivyo, mnashikana kama watu waliokutana benki. Shika vizuri. Na wewe mdogo, juu yao.

Ndiyo.

Msiachie kwanza.